MGB, Spitfire au TR6: uchukue lipi?

Katika albamu ya mama kuna picha ya baba kasimama kando ya gari ambalo halikuwa lake. Nyuma ni mkonge, mistari kwa mistari mpaka macho yanachoka. Mbele ni MGA, gari dogo la michezo la Kiingereza, rangi haijulikani kwa sababu picha ni nyeusi na nyeupe, na baba mwenyewe alikuwa akiibadilisha kila akisimulia: leo nyekundu, kesho kijani. Gari lilikuwa la meneja wa shamba, Mwingereza mmoja huko Tanga. Kazi ya baba ilikuwa kuliosha kila Jumamosi. Lakini pichani ameuweka mkono juu ya boneti kama mtu aliyekwisha kulipa.

Picha ile imenigharimu. Miaka mingi baadaye, nikiwa naishi Coventry, niliona tangazo la Triumph Spitfire ya 1976. Limepigwa picha jua likizama, rangi inawaka, turubai limekunjwa. Nikamwona baba. Nikalipa siku ileile. Nilipolipandisha jeki uani kwangu kesho yake, mlango wa dereva ukagoma kufunguka. Gari lilikuwa linapinda katikati, mlango umebanwa na bodi yake yenyewe.

Juzi mpwa wangu aliyeko Leicester kanitumia picha tatu kwa mpigo, za magari ya michezo ya zamani ya Kiingereza yanayouzwa: MGB, Spitfire na TR6. Chini kaandika, “Shikamoo mjomba. Nichukue lipi?”

Marahaba, mwanangu. Jibu langu limekuwa refu kuliko simu inavyovumilia, na kwa kuwa swali lako naulizwa na wengi, nimeona niliandike liwe mahali pamoja.

Kwanza, kwa nini hizi tatu tu. Jaguar E-Type na Austin-Healey 3000 nazijua, na nikikutana nazo nazisalimia kwa heshima. Bei yake ni ya watu waliomaliza kulipia nyumba. MGA ya baba nayo imekwisha panda. Zilitengenezwa 100,000 na kidogo tu kati ya 1955 na 1962. Lotus Elan ni tamu, ila bodi yake ni ya faiba na injini yake inataka fundi mwenye subira ya mtengeneza saa. Kwa mtu anayeanza, mwenye mshahara wa kawaida na familia inayomtazama, mazungumzo ya kweli yanabaki kwa hizi tatu.

Wake wenza

MGB na Spitfire zilizaliwa mwaka mmoja, 1962, na zikaondoka mwaka mmoja, 1980. MGB, ya kampuni ya MG, ilitoka Abingdon, mji mdogo karibu na Oxford. Spitfire na TR6, zote za Triumph, zilitoka Canley, hapa hapa Coventry. Zilikuwa nyumba mbili zinazotazamana kwa jicho la pembeni, mpaka 1968 zilipounganishwa ndani ya kampuni moja kubwa, British Leyland. Tangu hapo MG na Triumph zikawa wake wenza: mume mmoja, jiko moja, na kila unga ukipimwa kuna anayenung'unika. Wakubwa wa Leyland walitokea upande wa Triumph, na wapenzi wa MG hawajasahau mpaka leo. Nenda kwenye mkusanyiko wowote wa Jumapili asubuhi, utawakuta wazee wa miaka themanini, kikombe cha chai mkononi, wakirushiana maneno kuhusu fedha zilizokwenda kutengeneza TR7, gari jipya la Triumph, huku Abingdon ikiambiwa ingoje. Abingdon ilingoja hadi Oktoba 1980, kiwanda kikafungwa.

Mnunuzi wa leo anafaidika na ugomvi ule, kwa sababu kila upande ulitengeneza magari mengi sana. MGB, ya wazi na ile yenye paa, zilipita 500,000. Spitfire zilipita 300,000. TR6, iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1968 hadi 1976, ilipita 90,000, na sehemu kubwa ilipakiwa melini kwenda Marekani. Wingi huo ndio unaoleta spea. Kwa MGB, kutafuta spea hapa Uingereza ni kama kutafuta spea za Corolla pale Gerezani, Dar es Salaam: unaitaja tu, unaulizwa unataka ya bei gani. Tangu 1988 inatengenezwa hata bodi nzima mpya ya MGB, kwa mitambo ya asili. Spitfire haiko mbali nyuma. TR6 utapata karibu kila kitu, ila pochi itafunguka zaidi, na gari lenyewe lina bei ya juu kuliko wenzake wawili.

Bati na mifupa

Hapa ndipo ningetaka usome polepole.

Magari haya hayafi kwa injini. Injini zote tatu ni chuma kizito, zisizo na kompyuta; fundi wa lori wa Chalinze angezielewa kwa nusu saa. Kinachoyaua ni kutu. Uingereza inamwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi, na gari la miaka hamsini limeoga chumvi hiyo mara nyingi kuliko ulivyokula sikukuu.

MGB haina fremu chini. Bodi yenyewe ndiyo mifupa, na uti wa mgongo wake ni vile vizingiti viwili vilivyo chini ya milango. Kizingiti kimoja kina bati la nje, bati la ndani, na jingine limesimama katikati usiloliona. La nje linaweza kuwa jipya, limepigwa rangi linang'aa, na la katikati limekuwa biskuti. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo usitazame kizingiti, tazama mlango. Ule upenyo kati ya mlango na bodi uwe sawa juu na chini. Ukiuona umebana juu na umeachama chini, gari limeanza kulala katikati. Kisha omba kupandisha jeki. Muuzaji akianza kutafuta sababu, umeshapata jibu. Likipanda, fungua mlango na ufunge. Mlango wa MGB nzima hufungika vilevile, gari likiwa chini au juu.

Spitfire ina fremu, iliyorithiwa kutoka kwa Triumph Herald, na hapo ndipo nilipodanganyika. Nilijiambia: fremu ipo, bati likioza nitabadilisha taratibu. Kumbe fremu ya Spitfire ni nyembamba katikati, na vizingiti vyake vinasaidia kubeba mzigo. Gari langu lilikuwa na vizingiti vya puti na rangi. Nilinunua sumaku ya shilingi chache, yaani ya pauni mbili, nikaivuta chini ya mlango: inashika, inashika, inaanguka. Sumaku haishiki puti. Laiti ningekuwa nayo siku ya kwanza.

TR6 ndiyo yenye fremu ya kweli, nzito, na bodi imekaa juu yake. Ukaguzi wake unaanzia nyuma. Lala chini, mulika pale mikono ya magurudumu ya nyuma inaposhikana na fremu. Maji na tope hukaa hapo na kula bila haraka. Tazama pia vishikio vya difu. Nguvu za injini ile huvivuta kila dereva akikanyaga mafuta, na vikichoka hupasuka. Fremu iliyopakwa lami nyeusi nzito juzi tu, wakati sehemu nyingine zote za chini ni chafu, inaficha kitu.

Nikipanga kwa ubaya wa kutu, ningesema MGB iliyooza ni ghali kuichomelea lakini kila kipande kinauzwa na kila fundi anaijua. Spitfire iliyooza ni nafuu zaidi, na kazi unaweza kujifunza mwenyewe. TR6 iliyooza fremu ni kuinua bodi nzima. Hiyo iache kwa watu wenye gereji mbili.

Chini ya boneti

MGB ina injini ya silinda 4, ukubwa wa sisi (cc) 1798, nguvu za farasi 95 hivi, kabureta mbili za aina ya SU. Mwishoni mwa 1964 ilipewa beringi kuu tano badala ya tatu, na tangu hapo ukiibadilishia oili kwa wakati inakwenda kama cherehani. Zile za kabla ya mwishoni mwa 1967 zina gia ya kwanza isiyokubali kuingia gari likiwa linatembea, na umeme wake umefungwa kinyume, chanya ndiyo iliyoungwa kwenye bodi. Usifunge redio ya kisasa bila kuuliza. Betri, kwa magari ya kabla ya 1974, ni mbili za volti 6, zimefichwa nyuma ya viti. Ndiyo, nyuma ya viti. Mhandisi aliyelipanga hilo hakuwahi kuzibadilisha kwenye mvua.

Spitfire ilianza na sisi 1147, ikapanda 1296 mwaka 1967, ikamalizia na 1493 kuanzia mwishoni mwa 1974. Watu hukimbilia ile kubwa kwa kuwa namba ni kubwa. Mimi ninayo hiyo kubwa, na nakwambia chukua ya 1296. Ile ya 1493 ukiikimbiza muda mrefu kwenye barabara kuu, beringi zake za chini hulalamika. Ya 1296 inapenda kuzunguka na haina kinyongo. Kitu kimoja usikisahau: viungo vya chini vya magurudumu ya mbele vinataka oili ya gia, si grisi. Waliovipaka grisi kwa miaka ishirini ndio wanaoonekana kando ya barabara, gurudumu limelala chini ya gari kama kondoo wa Idi.

TR6 ni habari nyingine. Silinda 6, sisi 2498. Magari ya soko la Uingereza yalipewa mfumo wa kampuni ya Lucas wa kupuliza mafuta badala ya kabureta. Za mwanzo ziliandikwa farasi 150, na kuanzia magari ya 1973 ikawa 124 hivi. Sehemu ya tofauti hiyo ni kamshafti mpole zaidi, na sehemu ni namna ya kupima tu, kwa hiyo usilipe bei ya arusi kwa ajili ya namba. Mfumo ule wa mafuta ukipangwa vizuri ni raha. Pampu yake ya umeme iko kwenye buti na husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, na siku ya joto, tangi likiwa limepungua, ilikuwa na tabia ya kupata moto na kukata tamaa. Wengi wamebadilisha pampu. Muulize muuzaji kama naye kafanya hivyo.

Magari ya Marekani yalipewa kabureta, kwa ajili ya sheria za moshi, na nguvu zikapungua sana. Mengi yamerudishwa Uingereza, usukani kushoto. Ni ya bei nafuu zaidi, na mara nyingi yamekauka vizuri kama yametoka jimbo la jangwani. Lakini TR6 yoyote, mwambie mtu akanyage klachi wakati wewe unatazama puli ya mbele ya injini. Ikisogea mbele waziwazi, washa za krenkishafti, zile pete nyembamba za kuizuia isisogee, zimekwisha, na kama moja imekwisha dondoka ndani, bloku ya injini yenyewe iko hatarini.

Barabarani

Nimeendesha MGB GT, ile yenye paa, ya jirani yangu mpaka pwani ya Wales na kurudi. Haikunishangaza hata mara moja, na hiyo ni sifa. Inapinda inapoambiwa, inasimama inapoambiwa, na ikiwa na ovadraivu, yaani gia ya ziada inayopunguza mizunguko ya injini, unaweza kukaa na malori kwenye barabara kuu bila injini kupiga kelele. Wenye Triumph huiita gari la mwalimu wa shule. Wasisahau kwamba mwaka 1965 gari la mwalimu huyo, likiendeshwa na Paddy Hopkirk na Andrew Hedges, lilimaliza mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, likiwa la 11. Spitfire nayo ilimaliza ya 13 mwaka huohuo, na injini ya sisi 1147. Nakiri kwamba hilo la pili ndilo ninalolirudia zaidi kwenye mazungumzo.

Spitfire ni nyepesi, chini ya kilo 800, na inageuka kwenye duara la mita 7 na kidogo. Kwenye maegesho ya duka watu husimama kuitazama ikijizungusha. Boneti yake yote, pamoja na mabawa, hufunguka kwenda mbele. Unakaa juu ya tairi, miguu ndani, unafanya kazi kama umekaa kibarazani. Kwa mtu anayetaka kujifunza spana hakuna shule bora. Lakini zile za kabla ya 1970 ukikata mafuta ghafla katikati ya kona, gurudumu la nyuma linaweza kujikunja ndani. Kuanzia Mk IV, toleo la nne, springi ya nyuma ilibadilishwa na tabia hiyo ikatulia.

TR6 unaisikia kabla hujaiona. Ule mlio wa silinda 6 una kifua, na ukikanyaga mafuta sehemu ya nyuma huchuchumaa kidogo kisha inaruka. Ni gari zito, usukani wake unataka mabega. Sura ya mbele na ya nyuma ilichorwa upya na kampuni ya Karmann ya Ujerumani, wakaacha milango na kioo cha mbele vya mchoraji wa awali, Michelotti wa Italia, na kazi hiyo ilifanyika vizuri kuliko ilivyostahili kwa bajeti waliyokuwa nayo. Nikiambiwa nisikilize moja tu kati ya hizi tatu kwa asubuhi moja, ni hii. Kuilisha mwaka mzima ni suala tofauti.

Picha za kuziamini

Mwanangu, zile picha tatu ulizonitumia zote zimepigwa jioni. Jua la jioni ni rafiki wa muuzaji. Linafuta mawimbi ya bati.

Hata hivyo picha husema mambo. Herufi ya mwisho ya namba ya gari inakupa mwaka: K ni Agosti 1971 hadi Julai 1972, L ni mwaka uliofuata, na kuendelea hivyo. MGB yenye bampa za kromu ni ya kabla ya mwishoni mwa 1974. Baada ya hapo zikaja bampa nene nyeusi na gari likainuliwa, yote kwa ajili ya sheria za Marekani. Sura ikanuna na kona zikalegea kidogo, ila bei nayo ni ya chini, na anayejali kuendesha kuliko kutazamwa anaweza kupata gari zuri humo. Tazama pia kivuli cha mstari wa mlango. Ukivuta picha ukaona upenyo umepinda, umeokoa nauli.

Kwenye mikusanyiko ya Jumapili kila mtu ana picha. Wengi watakuonyesha ile ya fungate, 1974, mke amefunga kitambaa kichwani, bahari nyuma. Nazipenda, nimewahi kusimama saa nzima kwenye mvua nikizitazama. Lakini ukifika wakati wa kununua, mtafute yule mzee mwenye bahasha nyingine: picha za gari limekatwa, vizingiti vimetolewa, bati jipya bado lina alama za moto wa kuchomelea, na tarehe imeandikwa nyuma kwa kalamu. Hakuna jua linalozama humo, na mara nyingi kuna kidole gumba kwenye kona. Bahasha hiyo, pamoja na risiti, ina thamani kuliko rangi mpya.

Jumba la makumbusho la magari la Gaydon nalo hutunza kumbukumbu za viwanda, na kwa ada hukupa cheti kinachoonyesha gari lilitoka lini, likiwa na rangi gani, na lilipelekwa wapi. Nilifikiria kuwaandikia kuhusu MGA ya baba, nimalize ubishi wa nyekundu na kijani. Wanahitaji namba ya fremu. Baba amesimama mbele ya namba ya usajili, na ile ya fremu hakuna picha inayoionyesha.

Ya sheria ni mepesi. Gari likipita miaka 40 unaweza kulisajili kama la kihistoria: hulipi kodi ya barabara, halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka ikiwa halikubadilishwa sana, na eneo la moshi la London halikutozi. Mimi langu nalipeleka ukaguzi vilevile, kwa sababu nataka mtu mwingine alitazame chini. Petroli nunua ile ya E5. Ya kawaida, E10, iliyoanza hapa Septemba 2021, ina ethanoli nyingi inayotafuna mipira ya zamani.

Sasa picha zako

TR6 ina usukani kushoto, rangi mpya, na hakuna picha hata moja ya chini. Huna gereji, unaegesha mtaani, na hii ndiyo ghali kuliko zote. Iache. Ukitaka mlio wake, nitakupeleka kwa mtu.

Spitfire ni ya herufi K, kwa hiyo ni Mk IV ya sisi 1296, ile ninayoisifu. Katika picha ya nne ya tangazo lake, ambayo sidhani kama uliitazama, kuna kizingiti kimetolewa na mtu ameshika mashine ya kuchomelea. Ungekuwa bado kijana wa peke yako ningekwambia nenda leo. Lakini una mtoto wa miaka mitatu, na Spitfire ina viti viwili na turubai linalovuja kwa hiari yake.

MGB ni GT, herufi L, bampa za kromu, ina paa la bati, mlango wa nyuma, na kile kiti kidogo cha nyuma ambacho mtu mzima hawezi kukikalia ila mtoto anaweza; mikanda yake tutaitazama kwanza. GT huuzwa chini ya ile ya wazi, na inavumilia kulala nje. Kwa maisha yako ndiyo yenyewe. Tatizo ni kwamba muuzaji wake kaweka picha sita kwenye tangazo, zote za jua, na hakuna bahasha.

Mwombe picha za matengenezo, hata moja. Akikosa, Jumamosi nitakuja na jeki na sumaku. Wewe lete tochi na kipande cha godoro cha kulalia, maana lami ya Leicester mwezi huu ina baridi. Pesa acha nyumbani.